Maswali Yenu: Kituo cha Jioni Kinamsaidia Mtoto Kweli?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu vituo vya jamii, vile ambavyo watoto wanapitia wakitoka shule, wanasomeshwa kidogo, wanafanya homuweki, wanacheza, wengine wanaimba. Wapo wazazi walioandika na wapo wanaoviendesha wenyewe, na ukiwasoma vizuri wote wanauliza kitu kimoja, tutajuaje kama kinafanya kazi. Nimechukua barua sita. Nyingine zimefanana sana na hizi kwa hiyo kama lako halipo soma la mwenzio.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yupo darasa la tatu, anaenda kituo cha jioni tangu mwaka uanze. Matokeo ya shule yametoka hajapanda hata kidogo, baba yake anasema tumtoe akae nyumbani ajisomee. Mi naona kabadilika ila nikiulizwa kabadilika nini nashindwa kueleza. Nifanyeje?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mama. Usimtoe kwanza, mpime mwenyewe halafu ndo mkae na baba yake muamue.

Shida ya matokeo ya shule ni kwamba yanapima kile ambacho darasa la tatu linatakiwa kujua. Sasa kama mtoto aliingia kituoni anatambua herufi tu na leo anaunganisha silabi na kusoma maneno mafupi, huyo kasogea mbali sana, ila mtihani wa darasa la tatu hautamuona kwa sababu swali la kwanza tu linamtaka asome aya nzima ajibu. Alipata chini mwanzoni na atapata chini tena, na katikati hapo kuna kazi kubwa imefanyika ambayo ule mtihani haukutungwa kuipima.

Kwa hiyo mpime kwa ngazi. Shirika la Pratham la India lilieneza njia moja rahisi sana, na Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu ulioanza 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, nao umetumia inayofanana nayo: silabi, maneno, aya fupi, hadithi fupi. Huhitaji mtaalamu. Mkae wawili tu, wadogo zake wasiwepo wakichungulia na kumjibia. Andika aya ya sentensi nne hivi, maneno ya kawaida, kitu ambacho hajawahi kukiona popote. Akiisoma bila kukwama sana mpe hadithi, akishindwa mrudishe kwenye maneno, mwonyeshe matano, akipata manne yupo ngazi ya maneno, asipopata mshushe kwenye silabi. Dakika chache umemaliza. Andika tarehe na ngazi, weka karatasi pembeni, rudia baada ya miezi miwili kwa aya nyingine yenye ugumu uleule.

Kuna kitu hapa kinadanganya wazazi wengi sana. Mtoto ukimpa kitabu anachosoma kituoni kila siku anaweza kukitiririsha ukurasa mzima bila kosa, kidole kinatembea vizuri kabisa, sasa ukiangalia kwa makini unakuta kidole kipo mstari wa pili na mdomo umeshafika mstari wa tatu. Kakariri. Mwonyeshe neno moja tu katikati ya mstari, neno hilohilo alilolitamka sasa hivi, muulize hili ni nini, akikaa kimya umepata jibu lako. Wala usimgombeze, kukariri ni hatua ambayo watoto wengi wanapitia, na ukimgombeza mara ya kwanza mara ya pili utakuwa unapima woga wake badala ya kusoma kwake.

Na hayo mabadiliko unayoyaona yaandike, ila uyaandike kama vitu ambavyo mtu mwingine angeweza kuviona. “Ana bidii siku hizi” haisaidii. “Anafungua daftari bila kuambiwa”, “juzi alimsomea mdogo wake maandishi ya kwenye boksi”, hizo ndo zinasaidia. Ukimwekea baba yake karatasi mbili za ngazi na hayo maneno mtakuwa na kitu cha kujadili, na ikitokea miezi imepita ngazi ni ileile na hakuna hata kimoja cha kuandika, basi baba ana hoja nzito na mwende wote mkamuulize mwalimu wa kituo.

SWALI: Habari Mwalimu. Naratibu kituo kidogo, watoto walioandikishwa ni 140. Mfadhili anataka ripoti ya tathmini mwisho wa mwaka na sisi tulichonacho ni hiyo idadi na picha nyingi. Hatukupima watoto walipoingia. Ndo tumechelewa?
Mratibu mwenye wasiwasi

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kuna sehemu mmechelewa na kuna sehemu bado, na nitakuandikia kirefu maana barua kama yako zilikuwa nyingi kuliko zote.

Tuanze na hiyo 140. Chukua rejista ya mahudhurio, sio fomu za kujiandikisha, kaa chini uhesabu kila mtoto alikuja siku ngapi. Wapo walioandikishwa wakaja mara moja, wapo waliokuja mwezi wa kwanza wakapotea, wapo wanaokuja siku za mpira tu. Ukishagawa hivyo unaweza kukuta watoto wanaokipata kituo kweli ni nusu ya hao au pungufu. Hiyo inauma kuiandika lakini ndo habari ya kwanza ya maana utakayokuwa nayo.

Nikupe mfano mkubwa. Marekani kuna mpango wa serikali kuu wa vituo vya jioni unaoitwa 21st Century Community Learning Centers, mpaka 2002 bajeti yake ilikuwa imefika kama dola bilioni moja kwa mwaka. Serikali ikaipa kampuni ya utafiti ya Mathematica kazi ya kuutathmini. Ripoti ya kwanza ikatoka 2003, na kwa ujumla watoto hawakuwa wameinuka kimasomo kama ilivyotegemewa. Ikulu ikapendekeza bajeti ikatwe ibaki milioni 600, watu wakabishana sana, mwisho bunge likakataa kuikata. Ripoti za baadaye zikaonyesha watoto wa shule za msingi angalau wanajisikia salama zaidi saa za jioni. Lakini ndani ya ripoti hizo kuna kitu kingine kuhusu mahudhurio: vituo vilikuwa wazi siku nne tano kwa wiki, na watoto wakubwa kidogo, wale wa miaka kama 11 mpaka 14, kwa wastani hawakufika hata siku mbili. Mgonjwa akiandikiwa dozi ya wiki nzima akameza siku moja, huwezi kusema dawa haifanyi kazi na huwezi kusema inafanya. Unachoweza kusema ni kwamba hakuimeza, na swali linakuwa kwa nini.

Hilo “kwa nini” ndo kazi ninayotaka uifanye wiki hii kabla ya kugusa ripoti. Andika majina ya watoto 15 walioacha, nenda kawatafute. Usiwaulize wazazi peke yao, muulize na mtoto mwenyewe. Utasikia mambo ambayo hayamo kwenye fomu yoyote: analea mdogo wake jioni, giza linamkuta njiani, alichekwa aliposoma mbele ya wenzake, masomo yalikuwa mepesi akaona anapoteza muda, masomo yalikuwa magumu akaona aibu. Kila moja hapo ina dawa yake tofauti. Mimi naamini kabisa kwamba watoto walioondoka wanajua kuhusu kituo chenu kuliko waliobaki, na tathmini nyingi sana ninazoletewa nisome hazijawauliza hata mmoja, wanapimwa waliokaa kwenye kiti siku ya kupima halafu tunaandika “watoto wetu wameendelea vizuri”.

India kwenye wilaya ya Jaunpur watafiti wakiwa na Pratham walifanya kazi iliyochapishwa 2010, inahusu vijiji 280. Baadhi ya vijiji vijana wa kujitolea walifundishwa kuendesha kambi za kusoma baada ya shule. Watoto waliokuja waliinuka sana kwenye kusoma, hasa wale waliokuwa hawajui kabisa. Ila waliokuja ni kama asilimia 8 tu ya watoto wa vijiji hivyo. Sasa ukiandika nusu ya kwanza ya habari hiyo mradi ni wa ajabu, ukiandika nusu ya pili unaona kwamba watoto wengi sana hawakuguswa. Mfadhili anatakiwa apate zote mbili.

Kuhusu kutopima mwanzoni, tafadhali usikae na walimu mkakumbuka “huyu alikuwa hajui kusoma, huyu alikuwa anajua kidogo” halafu mkaiita data ya mwanzo. Kumbukumbu inavutwa na kile tunachotaka kiwe kweli, mtoto aliyeendelea tunamkumbuka alikuwa chini kabisa. Kama shule ina kumbukumbu za mwaka jana omba kwa ruhusa ya wazazi. Kama hakuna, mwandikie mfadhili wazi kwamba mwaka huu hamna kipimo cha mwanzo, mna mahudhurio, mna sababu za walioacha, mna ngazi za watoto kama zilivyo leo, na mwakani mtapima tena. Wafadhili wengi wanaheshimu hiyo kuliko grafu inayopanda tu.

Na kama muhula ujao wanaotaka kuingia ni wengi kuliko nafasi, una bahati. Pigeni kura wazi wazazi wakiona, waliopata waingie, waliokosa wapewe nafasi muhula unaofuata, na mpime wote siku moja mwanzoni na siku moja mwishoni. Kura inaondoa ule ugomvi wa nani kapendelewa, na inakupa kundi la watoto wanaofanana na wako ambao hawakupata kituo, kwa hiyo tofauti utakayoiona mwishoni unaweza kuisemea kwa ujasiri.

SWALI: Mwalimu mi ni kijana wa kujitolea nafundisha hesabu. Tulichukua watoto waliokuwa wa mwisho madarasani kwao, tukawapa jaribio la mwanzo, walikuwa 40 wastani wakapata 34 kwa mia. Baada ya muhula tumewapa tena, walikuwepo 27, wastani 52. Yaani tumewapandisha alama 18! Wenzangu wanataka tutengeneze bango. Uko nasi?
Kijana wa hesabu

JIBU: Hongera kwa kupima mwanzo na mwisho, wengi hawafiki hapo. Bango lisubiri kidogo tukokotoe.

Watoto 13 hawapo kwenye jaribio la pili. Rudi kwenye karatasi za mwanzo utoe alama zao. Tuseme hao 13 walikuwa na wastani wa 22, kitu ambacho kinawezekana kabisa maana wanaoacha mara nyingi ni wale waliokuwa wanahangaika zaidi. Wote 40 kwa wastani wa 34 ni jumla ya 1,360. Toa 13 mara 22 ambayo ni 286, inabaki 1,074, gawa kwa 27 unapata karibu 40. Yaani hao 27 waliobaki walianzia 40, hawakuanzia 34. Kupanda kwao ni alama 12, na zile 6 zilizobaki hakuna mtoto aliyezipata, zimetokea kwa sababu wa chini waliondoka. Theluthi ya mafanikio yenu ingekuwa ni watoto kuacha. Ndo maana siku zote linganisha mtoto yuleyule na yeye mwenyewe, jina kwa jina.

Halafu hizo 12 nazo tuziangalie. Mliwachagua waliokuwa wa mwisho. Katika wa mwisho siku yoyote ile kuna ambao kweli hawajui na kuna ambao siku hiyo waliumwa, walilala vibaya, walikisia vibaya. Ukiwapima tena hata bila kuwafundisha chochote kundi la pili linapanda lenyewe. Pia muhula mzima walikuwa wanaenda shule, mwalimu wao wa hesabu naye alikuwa anafundisha, na wamekua miezi kadhaa. Na je jaribio lilikuwa lilelile? Kama maswali yalikuwa yaleyale kuna mtoto alikumbuka.

Sikuvunji moyo kijana. Nataka uwe na jibu siku mtu mzima mwenye hela akikuuliza. Kenya kuna utafiti ulichapishwa 2004 uliohusu shule 178, kuhusu chati kubwa za kufundishia zinazowekwa mbele ya darasa. Ukilinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo zilionekana kupandisha alama vizuri sana. Watafiti, akiwemo Michael Kremer ambaye 2019 alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi, walipochagua kwa bahati nasibu shule za kupewa chati, tofauti ikapotea. Shule zilizokuwa na chati toka mwanzo zilikuwa zimeshajiweka vizuri kwa mambo mengine. Hilo linawahusu hata nyie mkilinganisha watoto wanaokuja kila siku na wanaokuja mara moja moja, anayekuja kila siku mara nyingi nyuma yake kuna mtu nyumbani anayemsukuma, huwezi kumpa kituo sifa yote.

Muhula ujao tafuta watoto wengine wa ngazi ileile ambao hawako kwenu, hata kama ni 20 wa shule jirani kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi, wafanye majaribio hayohayo siku hizohizo. Wakipanda 5 na wenu wakipanda 12 basi una 7 za kuandika kwenye bango, na hizo nitakuwa wa kwanza kuzisambaza.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya kituo. Wazazi wanatushukuru, watoto tukifunga kwa likizo wanalia, mabinti waliopita hapa bado wanakuja kutusalimia. Kwa nini tutoe hela kwenye kupima wakati ushahidi tunauona kwa macho? Hiyo hela si bora tununue madaftari?
Katibu

JIBU: Ndugu katibu, upendo huo ni wa kweli na una thamani, mtoto kuwa na mahali anapopendwa jioni ni jambo kubwa. Ila shukrani haitoshi kukuambia kama unamsaidia, na nakuambia hivi kwa sababu ya kisa kimoja ambacho kila anayeshughulika na watoto angepaswa kukijua.

Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, kulianzishwa mradi unaoitwa Cambridge-Somerville Youth Study. Lengo lilikuwa kuwazuia wavulana wasiingie kwenye uhalifu. Waliwapanga wawili wawili wanaofanana, sarafu ikarushwa, mmoja akaingia kwenye mradi mwingine hakuingia. Walioingia walipata walezi wanaowatembelea nyumbani, msaada wa masomo, matibabu, kambi za kiangazi, kwa miaka kama mitano. Mradi ukaisha 1945. Miaka mingi baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta, mwaka 1978 akachapisha matokeo ya watu 506, nusu walikuwa kwenye mradi nusu hawakuwa. Wengi wa waliopita kwenye mradi waliukumbuka vizuri, wakasema uliwasaidia, wengine walizungumza kwa mapenzi makubwa kuhusu walezi wao. Lakini alipolinganisha maisha yenyewe, walioingia ndo walikuwa wamefanya vibaya zaidi: wengi zaidi walirudia uhalifu, ulevi ulikuwa zaidi, waliokufa mapema walikuwa zaidi. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha madhara yalijikusanya kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, na maelezo yanayotolewa ni kwamba vijana wenye matatizo wakikaa pamoja muda mrefu wanafundishana tabia.

Fikiria hapo wangeuliza tu “mlifurahi? mliona mmesaidiwa?” Wangepata ndio nyingi, mradi ungeenezwa kila mahali kwa nia njema kabisa.

Sisemi kituo chenu kinaumiza watoto. Nasema hata nyie hamwezi kujua kwa kuangalia machozi ya likizo. Na kupima hakuli hela nyingi kama unavyofikiri, hizo karatasi za ngazi nilizomweleza mama wa wawili hapo juu ni kalamu na karatasi, walimu wawili mchana mmoja. Wawe wawili, wampime mtoto yuleyule kila mmoja kivyake halafu walinganishe walichoandika, wakitofautiana mara kwa mara ujue hamjakubaliana maana ya “anasoma”. Madaftari yatanunuliwa tu.

SWALI: Kituo chetu ni michezo na sanaa, hatufundishi masomo. Na sisi tupime nini sasa?
Mlezi wa jioni

JIBU: Mpime kile mnachoahidi. Kama mnasema watoto watajifunza kushirikiana na kudhibiti hasira, hilo ndo la kuangalia, msikimbilie alama za hesabu ambazo hamkuzifundisha.

Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walichapisha 2010 uchambuzi wa karibu programu 70 za baada ya shule zinazolenga tabia na stadi za kijamii. Zilizofanikiwa zilikuwa na mambo manne kwa pamoja: stadi inafundishwa hatua kwa hatua, mtoto anaifanya mwenyewe badala ya kusikiliza, kuna muda maalumu umetengwa kwa ajili yake, na inajulikana wazi ni stadi gani. Ambazo hazikuwa na mambo hayo hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Kwa hiyo kabla hata ya kupima watoto chukua ratiba yenu ya wiki hii, weka kidole kwenye kila kipindi uulize, hapa tunafundisha nini? Kama jibu ni “tunawaacha wacheze” hiyo nayo ni sawa, mtoto anahitaji kucheza, ila basi msiandike kwenye ombi la fedha kwamba mnajenga uongozi.

SWALI: Mwalimu nina dakika chache tu za kwenda kuangalia kituo kabla sijampeleka binti yangu. Niangalie nini? Na nikiwauliza kama wanafanya tathmini watajisikia vibaya? Nimesikia kuna walimu wanaogopa wakipimwa watafukuzwa.
Baba wa binti mmoja

JIBU: Baba, nenda katikati ya kipindi, usiende mwanzo wakati wa kupanga mistari na kuimba wimbo wa kukaribisha wageni. Kaa nyuma dakika 20.

Sikiliza nani anaongea. Kama mwalimu anaongea dakika zote na watoto wanaitikia kwa pamoja hujui nani kaelewa na yeye hajui. Chagua mtoto mmoja aliyekaa pembeni, sio wa mbele anayenyoosha mkono kila mara, mwangalie huyo tu dakika tano. Kuna mtu kamfikia? Kaandika kitu? Kafuta akajaribu tena au anachora tu pembeni ya karatasi? Mwalimu akipita anasahihisha kwa tiki anaondoka, au anainama amuulize umepataje hapa? Nakwambia hizo dakika tano zitakuonyesha mengi kuliko ukuta uliojaa vyeti.

Halafu kuna mambo ya usalama ambayo mimi siyajadili, kama hayapo geuka urudi na binti yako. Mtu mzima mmoja asikae na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa. Kuwe na daftari la nani anamchukua mtoto jioni, na wakuulize wewe ni nani kabla hujapita getini. Kama umeingia mpaka darasani hakuna aliyekuuliza jina, mtu yeyote anaweza kufanya hivyo kesho. Uliza walezi wanachunguzwaje kabla ya kupokelewa, na mtoto akitaka kulalamika anamwambia nani. Choo nacho ukaone kwa macho yako, kina mlango unaofungika? Watoto wa kike wanaacha vituo kwa sababu hiyo na hawasemi.

Kuhusu tathmini uliza bila wasiwasi, ila uliza kwa namna ya kumheshimu mtu. Mwambie mratibu, “naomba kujua mwaka jana walioacha walikuwa wangapi na mlijifunza nini kwao.” Kituo kizuri kitakuwa na jibu, hata kama jibu lenyewe sio zuri. Kituo kinachokwambia hakuna aliyeacha hakijaangalia.

Na huo woga wa walimu una msingi. Donald Campbell, mtafiti wa Marekani, aliandika miaka ya 1970 kwamba kadiri namba inavyotumiwa zaidi kuamulia mambo ya watu ndivyo inavyozidi kuharibiwa, na kuharibu kile ilichokusudiwa kukipima. Mwalimu akijua alama zikishuka kazi imeisha, atafundisha jaribio, atawaambia wanaohangaika wasije siku ya kupima, na mtoto aliyekuwa anahitaji kituo kuliko wote ndo atakayetolewa. Kwa hiyo nyie waratibu mnaosoma hapa, matokeo yakitoka wapeni walimu kwanza kabla ya mfadhili na kabla ya kamati, kaeni nao mtoto mmoja mmoja, huyu kakwama kwenye kutoa kwa kuazima, huyu anasoma ila haelewi, wiki ijayo tufanye nini naye. Namba ya jumla mpelekeeni mfadhili. Kwa mwalimu pelekeni majina, na msimfukuze mtu kwa jaribio la muhula mmoja. Baba, ukiwaona wanakaa hivyo na karatasi za watoto mezani, mwandikishe binti.